Mume Asiye na Cha Kuleta Nyumbani

  

Leo nazungumza na mke ambaye mume wake yuko nyumbani mchana kutwa. Hajasafiri, haumwi, hajamwacha. Yupo tu. Amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, au yuko chini ya mti wa mathenge na wenzake wanacheza bao, na jioni ikifika anaingia ndani kula ugali ambao unga wake hakuununua. Mke anajua kwamba hakuununua. Mume anajua kwamba mke anajua. Na hapo, akina mama, ndipo kazi ngumu ya mke Mkristo wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma inapoanzia, ngumu kuliko kuni na kuliko foleni ya bomba.

Wahubiri wetu wanapenda sana Methali sura ya 31. Kila harusi, kila semina ya akina mama, tunahesabiwa kazi za yule mama: anavyoamka kungali giza, anavyofuma na kuuza, anavyolitazama shamba akalinunua kwa faida ya mikono yake mwenyewe. Wengi wetu hutoka katika semina hizo tumechoka kuliko tulivyoingia. Lakini katikati ya sura hiyo upo mstari wa 23, ambao hausemi juu yake hata kidogo. Unasema juu ya mumewe, kwamba anajulikana langoni, mahali wanapoketi wazee wa nchi. Katika miji ya Israeli, lango ndilo lililokuwa baraza na mahakama. Mashamba yalinunuliwa hapo mbele ya mashahidi. Boazi alipotaka kumwoa Ruthu, alikwenda kuketi langoni kwanza. Mwanamume mwenye nafasi langoni alikuwa mtu mbele za watu, na mke wake alifanya kazi zake zote akiwa na mwenzake wa namna hiyo.

Sasa nawauliza: waume zetu lango lao liko wapi?

Yule aliyekuwa mwalimu kule Uvira, leo anaishi Kakuma 3, na akibahatika kupata darasa, analipwa posho ya insentivu, ambayo haifikii mshahara wa mwalimu Mkenya anayefundisha chumba cha pili. Yule wa Jonglei aliyekuwa akijulikana kwa rangi ya fahali wake, kambini hafugi ng'ombe. Hawezi hata kupanda basi la Kitale kwenda kutafuta kibarua bila kibali cha kutoka. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992. Wako wanaume walioingia hapa wakiwa watoto wa kuchunga, na leo wana watoto wakubwa, na katika maisha yao yote hakuna siku hata moja waliyowahi kuitwa kuamua jambo la nchi.

Wala tusidhani kilio hiki ni cha wakimbizi peke yao. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo ikafa Turkana yote. Mwanamume wa Kiturkana hukamilisha ndoa kwa mifugo, na sherehe yenyewe, akuuta, ni heshima ya awi, yaani boma, nzima. Mbuzi wakiisha, ndoa nayo inabaki njiani. Ndiyo maana kwenye makanisa yetu, hapa na kule Lodwar, wako wanandoa walioishi pamoja miaka mingi, watoto wamezaliwa na kubatizwa, na bado wanakaa benchi la nyuma wakati wa Komunyo kwa sababu mahari haijatimia, na ukoo wa mke haujaruhusu ndoa ibarikiwe. Baba huyo alikuwa na mifugo, akawa na neno. Leo anashinda mjini kwenye kivuli cha duka. Mkewe anakata mathenge, anachoma makaa, anasuka vikapu vya milala vya kuuza. Nyumba wanayolala ameijenga yeye pia, kwa sababu kwa Waturkana mjenzi wa nyumba ni mwanamke.

Kwa hiyo mama wa Kiturkana anayeingia kambini asubuhi na mzigo wa kuni kichwani, na mama wa Kikongo anayemlipa kwa vikombe vya mahindi, huenda wana shida moja nyumbani. Wanaelewana bei, kwa Kiswahili cha sokoni, kisha kila mmoja anarudi kwa mume wake anayenyamaza.

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Miaka ya 1990 kulikuwa na kambi ya Warundi huko Lukole, wilaya ya Ngara, Tanzania. Mtafiti mmoja wa Denmark, Simon Turner, alikaa nao na kuwasikiliza. Wanaume walimlalamikia kwamba wake zao wamebadilika, hawawaheshimu tena, na wanasema kwamba UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ni mume bora kuliko wao. Chakula kinatoka kwa UNHCR, turubai inatoka kwa UNHCR, sabuni na sufuria vilevile. Nilipokutana na habari hiyo nilihuzunika, kwa sababu nimeyasikia maneno yanayofanana na hayo kwenye foleni zetu hapa, yakisemwa kwa kicheko. Mama anasema, mume wangu ni kadi ya resheni. Wenzake wanacheka. Na mtoto wake wa darasa la tano amesimama pale na mtungi, anasikia.

Mama, naomba tulitazame neno hilo bila kukasirikiana. Kwa hesabu ya tumbo, linaeleweka. Tangu mwaka 2015, Bamba Chakula, yaani pesa ya chakula, ilipoanza kuingia kwenye simu, hata mwanamume aliyekuwa akibeba gunia kutoka kwenye mgao alipoteza kazi hiyo ya kubeba. Lakini tuliyempa jina la mume bora ametuonyesha yeye ni nani. Mwaka 2025 wafadhili walipunguza pesa, mgao ukakatwa, kisha kaya zikapangwa kwa kategori, wengine wakapata zaidi, wengine kidogo, wengine wakaambiwa wajitegemee. Sisemi hivi kuwashutumu watu wa mashirika. Wengi wao walilia pamoja nasi. Nasema tu kwamba shirika halikuapa mbele ya madhabahu kukaa nawe katika shida. Halitaamka usiku kumbeba mtoto mwenye homa hadi kliniki. Likikupunguzia, halikuulizi utalalaje. Usiku ule ulipojua kategori yako, aliyekuwa chumbani nawe alikuwa yule uliyemcheka kwenye foleni.

Kumrudishia mtu huyo heshima yake ndiyo kazi ninayokusihi uifanye. Na nasema ni kazi ya imani kwa sababu haina ushahidi wa macho. Huoni anachostahili kuheshimiwa nacho. Hana pesa, hana mifugo, hana cheo, pengine hana hata viatu vizuri vya kanisani. Petro katika waraka wake wa kwanza anawaambia waume wawaheshimu wake zao kwa kuwa ni warithi pamoja nao wa neema ya uzima. Urithi huo wa pamoja haukuandikwa kwenye kadi ya resheni wala hauna kategori. Kama yeye ni mrithi mwenzako, basi ana kitu ambacho hakuna ukame ulioweza kukiua, na wewe uliye karibu naye kuliko watu wote ndiwe unayeweza kumkumbusha.

Utafanyaje? Nitaanzia siku pesa ya mgao inapoingia, kwa sababu siku hiyo ndiyo nyumba nyingi zinagombana.

Laini ya simu mara nyingi ni ya mama. Namba ya siri anayo mama. Mara nyingine hata hana laini yenyewe, ameiacha dukani, kwa maana tulikopa unga tangu katikati ya mwezi na mwenye duka anataka uhakika. Ujumbe unaingia, mama anatoka kimyakimya, analipa deni, anarudi na mafuta na dengu na kilo chache za unga. Baba anamwona akirudi. Haulizi. Baadaye anasikia kwa jirani kwamba pesa iliingia tangu asubuhi. Hapo anafanya moja ya mambo mawili: anapiga kelele, au anaondoka kwenda kwenye pombe. Na mama anasema, si mnaona, ningemwambia angeninyang'anya.

Najua wako ambao kweli wangenyang'anywa. Nitawafikia. Lakini wengi wenu nawajua waume zenu, wala si wanyang'anyi. Ni watu walioacha kuulizwa. Mwezi huu jaribu hivi: kabla hujatoka kwenda dukani, kaeni wawili, hata kama ni kwenye mkeka nje watoto wakiwa wamelala. Mwambie kiasi kilichoingia, mwambie na kiasi mnachodaiwa, senti kwa senti. Kisha uliza, tufanyeje? Halafu nyamaza. Najua kunyamaza hapo ni vigumu, maana wewe tayari umeshapanga kila kitu kichwani tangu juzi. Nyamaza hata hivyo. Atakaa kimya kwanza, huenda akasema fanya unavyoona. Mwezi wa pili atasema neno. Yuko mume ambaye ukimwachia jambo la deni la duka, atakwenda kuongea na mwenye duka kwa utaratibu hata apewe muda wa kulipa, kitu ambacho wewe hukufanikiwa kukipata. Mpe nafasi hiyo iwe yake.

Sisemi umfanyie maigizo. Usiwaambie watoto kwamba baba ndiye aliyenunua wakati hakununua. Watoto wana macho, na uongo haujengi nyumba ya Mungu. Mpe jambo la kweli. Kule kwenye makazi ya Kalobeyei nimeona mabustani ya jikoni, vile vitalu vilivyochimbwa chini ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie, na magunia yaliyotobolewa ubavuni yakatoa sukuma wiki na mchicha. Maji ni yale ya kuoshea vyombo. Kitalu cha namna hiyo kinataka mikono yenye nguvu ya kuchimba na mtu wa kukilinda asubuhi na jioni dhidi ya mbuzi. Baba aliyeshinda bure anaweza kuchimba. Baba aliyekuwa mwalimu anaweza kuwakalisha watoto wake, na wa jirani watatu, akawafundisha hesabu kabla giza halijaingia. Anaweza kuchota maji. Hapo nasikia mama akisema, mila yetu mwanamume hachoti maji, watamcheka. Ni kweli watamcheka. Mila zetu nyingi ziliwagawia wanaume kazi za mifugo na vita na mkutano, na mifugo hakuna, vita tulivikimbia, mkutano unaendeshwa na watu wa ofisini. Basi ukimwona amenyanyua mtungi kwa mara ya kwanza, wewe usiwe wa kwanza kucheka, wala usimwambie amechotea mtungi wa njano ulioingia mafuta. Pokea, mshukuru, umwite kwa jina la heshima analopenda, Baba fulani, mbele ya watoto na mbele ya mama yako mzazi.

Ulimi wetu, akina mama. Mungu atusaidie. Mwanamume anaweza kuvumilia njaa siku tatu njiani kutoka Kapoeta, lakini neno la mke wake mbele ya wanawe humvunja kwa dakika moja. Kama una la kumwambia, na mara nyingi unalo, kwa haki kabisa, mwambie chumbani.

Sasa nigeukie jambo ambalo linapotoshwa. Ukizungumza juu ya kumheshimu mume, mara unasikia mtu amefungua Waefeso sura ya 5 na kuanzia mstari wa 22, ule wa wake kuwatii waume. Arudi mstari mmoja nyuma. Mstari wa 21 unawaambia Wakristo wote wanyenyekeane, kila mmoja kwa mwenziwe, kwa kumcha Kristo. Ndipo wake wanatajwa, na baada yao waume wanapewa mzigo mzito zaidi: wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda kanisa, na tunajua Kristo alilipenda kanisa mpaka msalabani. Mtu anayetumia sura hiyo kumnyamazisha mkewe hajaisoma yote. Heshima ninayoiombea mume haitoki katika kunyamaza kwako. Inatoka katika ninyi wawili kusikilizana.

Natamani wake wa hapa wangemjua Priskila zaidi kuliko wanavyomjua yule mama wa Methali. Priskila na mumewe Akila walikuwa wakimbizi. Matendo ya Mitume sura ya 18 inaeleza waziwazi: Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Roma, na wanahistoria wengi wanaweka tukio hilo karibu mwaka 49 baada ya Kristo. Hawa wawili wakaishia Korintho, mji wa watu, na riziki yao ilikuwa kushona mahema. Paulo alipofika hana pa kukaa, akakaa kwao, kwa sababu naye alikuwa fundi wa mahema. Hebu fikiria: hema, kitu ambacho hapa Kakuma sisi hukipokea kikiwa na nembo ya shirika, wao walikishona kwa mikono yao, na mume na mke walikuwa kwenye kazi moja. Agano Jipya linawataja mara 6, na hakuna hata mara moja linapomtaja mmoja bila mwenzake. Katika hizo 6, mara 4 Priskila anatangulia kutajwa, jambo lisilo la kawaida kwa maandiko ya zamani zile. Alipokuja Apolo, mhubiri msomi lakini mwenye elimu pungufu ya Njia ya Mungu, walimchukua pembeni wakamfundisha sawasawa. Walimchukua wote wawili. Hawakumwaibisha hadharani, na Priskila hakuambiwa abaki na sufuria.

Kutoka Korintho walihamia Efeso, na baadaye tunawakuta wamerudi Roma, Paulo akiwasalimu katika sura ya mwisho ya Warumi na kukumbuka kwamba waliweka shingo zao hatarini kwa ajili yake. Nyumba tatu katika miji mitatu. Efeso, kanisa lilikutana nyumbani kwao. Roma, kanisa lilikutana nyumbani kwao. Wewe uliyejenga nyumba Bujumbura ikaungua, ukajenga tena ukakimbia, na sasa una chumba cha matofali ya udongo na mabati katika bloku ambayo mto Tarach ukifurika maji yanaingia mpaka kitandani, msikilize Priskila. Haijaandikwa kwamba nyumba hata moja kati ya hizo ilikuwa mali yake.

Kwa hiyo ukitaka nyumba yenu iwe ya Bwana, usingoje mabati mapya. Chagua muda mfupi, baada ya chakula cha usiku, siku chakula kikiwepo, na siku kisipokuwepo pia. Dakika kumi zinatosha. Mmoja asome mistari michache, au aisimulie kwa moyo kama hakuna anayejua kusoma. Kila mtu aseme jambo moja la kushukuru, hata mtoto mdogo. Mwambie baba awabariki watoto kwa kuwawekea mkono kichwani. Wako akina baba ambao hawajui kuomba kwa maneno mengi na wanaona aibu. Kuweka mkono hakuhitaji maneno mengi. Hapo, mama, mume wako ana lango. Ni dogo, lakini watoto wake wanamjua hapo kuwa ni mzee wa nyumba.

Nimeahidi kuwafikia wale wengine.

Wewe unayepigwa, maneno yangu yote ya juu hayakuwa yako leo. Usiyachukue ukajilaumu kwamba unapigwa kwa sababu hukumheshimu vya kutosha. Kupigwa si msalaba wako. Msalaba Kristo aliubeba kwa hiari yake, ili wengine wapone. Kipigo chako hakimponyi mtu yeyote, na watoto wanajifunza humo. Nimesikitika sana kila niliposikia mke amekwenda kwa wazee wa kanisa na jicho limevimba, akaambiwa arudi nyumbani akaombe. Wachungaji, makatekista, viongozi wa bloku, nawasihi kwa jina la Yesu, msiseme hivyo tena. Nchi hii ina sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na inamlinda aliye kwenye ardhi ya Kenya, awe mwenyeji au mkimbizi. Ipo namba ya simu, 1195, ya bure, inapokea mchana na usiku. Narudia: moja, moja, tisa, tano. Iandike mahali ambapo wewe tu utaiona, au iweke kichwani. Kwenda mahali salama na watoto wako hakuvunji kiapo chako. Aliyekivunja ni aliyeinua mkono. Kusamehe ni amri ya Bwana, nami siiondoi, lakini unaweza kusamehe ukiwa mbali, huku mlango umefungwa.

Na wewe ambaye mume wako anakunywa pesa ya chakula, ficha unga wa watoto bila dhamiri kukusuta. Abigaili alichukua mikate na kondoo akaokoa watu wa nyumba yake bila kumwambia Nabali, na Maandiko yanamsifu kwa akili. Kisha niruhusuni niseme na dada zangu wanaopika pombe. Sitawahukumu, najua karo ya shule imetoka wapi. Lakini mume anayelewa kwako ni mume wa dada yako wa jumuiya, na Jumapili mnakaa benchi moja. Ombeni pamoja juu ya hilo. Chama chenu cha akiba kinaweza kumtafutia mmoja wenu mtaji wa kuuza mandazi au sabuni badala yake, kidogo kidogo, mmoja baada ya mwingine.

Wako pia wake ambao mume hayupo kabisa mlangoni, yuko ng'ambo. Kakuma ina historia ndefu ya jambo hili. Wavulana wa Sudan waliofika hapa mwaka 1992, baada ya kutembea nchi tatu, zaidi ya 3,000 walipelekwa Marekani kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000. Walipokuwa wanaume, wengi walirudi kuoa mabinti wa kwao, wengine hapahapa kambini, wakarudi tena kazini kwao na kuacha wake wanaongoja karatasi. Miaka ikapita na karatasi. Na mwezi wa Januari mwaka 2025 Marekani ilisimamisha kuwapokea wakimbizi, hata waliokuwa wamefunga mizigo wakaifungua. Mke wa namna hii ana mume wa sauti. Anapokea pesa, anapokea na mashaka: nani alikuwa kwako, mbona simu haikushikwa. Mama mkwe anamchunguza. Vijana wa bloku wanamchunguza.

Dada yangu, uaminifu wako unaonekana mbinguni hata pale usipoaminiwa duniani. Lakini usiufanye peke yako. Mweleze mumeo ratiba yako kabla hajauliza, umpigie ukiwa kanisani, ukiwa na watoto, ukiwa na mama yake, ili awe na picha ya siku yako. Mwombe naye akueleze ya kwake; analala wapi, zamu yake ya kazi ni saa ngapi, anasali wapi. Ombeni kwenye simu kabla salio halijaisha. Na ukiwa na uchungu, ufanyie jambo. Mary Alueel Garang, Mdinka wa Bor, alianza kutunga nyimbo za Kikristo miaka ya 1980 vita vikiwa vinawaka, na nyimbo zake zikaenea na Wadinka kila walikokimbilia. Akina mama wa kwaya za Kiepiskopali wameziimba hapa kambini wakiwa wamenyanyua misalaba yao mikononi. Mwanamke mmoja aliyaweka machozi ya taifa lake katika sala, na watu wakapata cha kusema mbele za Mungu.

Mwisho wa yote ni kwamba hakuna mke anayeweza kubeba haya akiwa amejifungia. Waanglikana na Waepiskopali wana Umoja wa Akina Mama, na Wakatoliki wana chama chao cha wanawake, na nyote mnajua sare zao Jumapili. Ule wa Kianglikana ulianzishwa Uingereza mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa kasisi wa kijiji. Aliwaita akina mama wa parokia, matajiri na maskini pamoja, wazungumze juu ya kulea watoto na kuishi na waume. Walipofika siku ya kwanza, alishikwa na woga, akashindwa kusema, akawaomba waende nyumbani warudi wiki ijayo. Walirudi, naye akasema. Leo umoja huo uko kwenye nchi nyingi za Afrika, na uko Kakuma.

Kwa hiyo kama kwenye bloku yako hakuna kikundi, kianzeni. Wawili wanatosha, wa makabila mbalimbali ni bora zaidi, na mama Mturkana anayewaletea kuni mkaribisheni aketi, apewe chai kabla ya bei. Kaeni Alhamisi saa kumi, jua likipungua. Msianze na mafundisho. Anzeni kwa kila mmoja kutaja jambo moja jema aliloliona kwa mume wake wiki hiyo, na ambaye hakuona, aseme hakuona, wenzake wamwombee, na mmoja wao amtembelee kesho yake. Juma lijalo, saa hii hii, nitazungumza na akina baba. Mwambie wako aketi karibu na redio.